Ets, Yaani na Wengine

Habari ya kifo chake niliipata pamoja na mkate. Mama mmoja anayeuza mikate njiani kuelekea Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma, ambaye hunifungia mkate wangu kila asubuhi isipokuwa Jumapili, alikuwa ameshaufunga kwenye kipande cha gazeti alipokumbuka kwamba mimi na yule mzee tulifahamiana. "Muzee Etse alikufa," akasema. "Jana mangaribi. Banamuzika kesho, kule juu Rubavu." Kisha akamgeukia mteja mwingine, kwa sababu mpaka ulikuwa umeshafunguliwa na watu wa Goma hawasubiri. Nilibaki nimeushika mkate ule, ungali na joto, nikiwa na aibu ambayo wasomaji wa safu hii hawajawahi kunisikia nikiitaja. Leo nitaitaja. Simwandiki marehemu ili kumsifu, ingawa sifa alikuwa nazo. Namwandika kwa sababu nilimkosea, na watu wanaojua kwamba nilimkosea sasa wamepungua kwa mmoja.

Jina lake nitaliacha, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Itoshe kwamba alikuwa mtu mzima wa hapahapa Gisenyi, mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na kimo chake, na dada wawili ng'ambo ya mpaka, mmoja Mkristo kama yeye na mwingine aliyeolewa na Mwislamu akafuata dini ya mumewe. Kuoka alijifunza ujanani kwa Mgiriki mmoja wa Goma, na alipenda kusimulia kwamba kwa miaka tisa Mgiriki yule alimfundisha mambo mawili tu: kutofungua mlango wa tanuri kabla ya wakati, na kumnyamazia mteja anayelalamika huku anatafuna. Shuleni alikaa miaka minne kwa mapadri, akatoka na Kifaransa kidogo alichokitunza kama viatu vya Jumapili, akikitoa panapokuwa na watu. Baada ya vita, watu walipokuwa wakirudi nchini kutoka kila upande, alifahamiana na bwana mmoja aliyerejea kutoka Tanzania, mtu mpole, asiye na mke wala mtoto, aliyekuja na akiba ya maisha yake na hakujua aifanyie nini. Wakapanga ghala moja bovu nyuma ya soko. Yule bwana alileta unga, mabati na mlango wa chuma. Mzee alileta tanuri. Nasema alilileta kwa maana ya kwamba alilijenga mwenyewe, jiwe kwa jiwe, kwa mawe meusi ya volkano aliyoyachagua kwa macho yake na udongo aliouagiza Kanzenze, kwa kuwa ule wa hapa mjini, alisema, una hasira, unapasuka. Ilimchukua miezi miwili. Mkate wa kwanza uliotoka humo waliukata nusu kwa nusu, wakaula wamesimama.

Wakati huo sikuwa mwandishi wa magazeti. Nilikuwa mwandishi wa barazani, nikikaa na mashine yangu ya kuchapa kwenye kibaraza cha mahakama, nikiwatengenezea watu barua, malalamiko na fomu. Rejesta ya biashara ilikuwa ndani kwa karani, na karibu kila aliyetaka kufungua duka kihalali alipita kwangu kwanza. Wao walikuja asubuhi moja wote wawili, wamevaa mashati safi. Niliwauliza swali nililomwuliza kila mtu: etablisma au sosiete? Yule bwana wa Tanzania, ambaye Kifaransa hakukijua hata salamu, akataka kujua tofauti yake. Nilimpa jibu la mtu mwenye foleni. Sosiete, nilisema, ina mkataba wa kuandikwa, ina noteri wa kufuatwa aupige muhuri, ina tangazo la kuchapishwa katika gazeti la serikali huko Kigali. Etablisma ni fomu moja, na inakwisha leo. Hayo yote yalikuwa kweli. Sikusema kwamba etablisma ni ya mtu mmoja. Fomu yenyewe ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina la mwenye mali, na kwa kuwa kitambulisho cha mzee kilikuwa kimepotea wakati wa vita, jina lililoingia ni la mwenzake. Nikaanza kuchapa jina la biashara, na mbele yake zile herufi tatu zinazoonekana juu ya nusu ya maduka ya mji huu, Ets. Hapo yule bwana alisita. Alimwuliza mzee taratibu kama na yeye ameingia mle kwenye karatasi.

Ndipo mzee akatoa vile viatu vya Jumapili. Aliinama juu ya bega langu, akaweka kidole karibu na herufi bila kuzigusa. "Angalia, ndugu yangu," akasema. "'Et' kwa Kifaransa iko 'na'. Bon. Ile S ya mwisho inasema biko bingi. Donc, Ets ni 'na wengine'. Jina yako iko pale, na mi niko mu wengine." Mwenzake akauliza kwa nini basi hao wengine wametangulia mbele ya jina. Mzee alikuwa na jibu: Wazungu wanatanguliza wengine, ndiyo adabu yao, na maduka yote makubwa ya Goma yameandikwa hivyo. Yule bwana alionekana ameridhika, lakini alikuwa mtu wa kuhakikisha mambo, akanigeukia. "Ndivyo, bwana mwandishi?" Nilikuwa nahangaika na utepe wa mashine uliokwama. Nyuma yao palikuwa na watu sita, na mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani. Nilijua vizuri kabisa kwamba Ets ni ufupisho wa etablisma, yaani duka la fulani, la fulani peke yake. Nilijua pia kwamba nikisema hivyo wataondoka kwenda kutafuta noteri, nami nitabaki na fomu iliyochapwa nusu. Nikasema, "Mm." Wakanishukuru, wakanipa mkono wote wawili.

Labda ningejisamehe kama ningekuwa nimelisahau jambo hilo jioni ileile. Sikulisahau. Mchana huohuo niliwasimulia makarani kisa cha mzee aliyeisoma Ets kuwa "na wengine", tukacheka mpaka mmoja wao akajifuta machozi kwa karatasi ya kaboni akajipaka wino uso mzima. Kutoka kwa makarani kisa kilikwenda kwa askari wa zamu, kikafika sokoni, na baada ya muda mfupi mzee wa watu akawa Muzee Etse kuanzia soko mpaka mpakani. Yeye mwenyewe alilipokea jina hilo kwa furaha. Alidhani wanamtambua. Bango lilipotundikwa, herufi nyekundu juu ya ubao mweupe, alikuwa akiwasimamisha wabeba mizigo na kuwaonyesha mwanzo wa maandishi kwa kidole chenye unga, akisema, "Pale njo mimi." Na kila aliyesimama alipewa mkate. Wengi walisimama zaidi ya mara moja, naye alijua na hakujali.

Nimewaza sana juu ya upumbavu huo, na nasema wazi kwamba haukuwa wa mzee. Katika mji huu mtu anayefungua biashara hutumia wiki nzima kuchagua rangi ya bango na dakika moja kuamua biashara ni ya nani. Anachagua fomu kama anavyochagua foleni, kwa kuangalia iliyo fupi. Tunayo maneno matatu, yote tumeyapokea kwa wageni na yote tumeyatundika juu ya milango yetu. Etablisma ni ya mtu mmoja. Akifa, hata kama aliiendesha na watu kumi, sheria inamtafuta ndugu yake. Sosiete ni ya wale walioandikwa katika mkataba wake, kila mmoja na sehemu yake, na inaweza kuendelea mmoja wao akishazikwa. Koperative ni ya wanachama, ina mikutano mingi na ubishi mwingi, lakini hakuna mtu anayeweza kuamka asubuhi akaifungia kufuli lake. Hayo si mambo ya kumshinda mtu anayejua kujenga tanuri. Yanaelezeka kabla kikombe cha chai hakijapoa. Sisi tunaoyajua tunayaacha katika Kifaransa kwa sababu yakibaki huko na sisi tunabaki na kazi. Na ninyi msioyajua mna aibu yenu pia. Mwambie rafiki yako hapa Gisenyi, "Tuandikiane," uone atakavyokutazama. Atadhani unamwita mwizi. Katika miaka hii ambayo kila mtu ametoka mahali pengine na anatafuta wa kumwamini, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutaja karatasi. Mzee na mwenzake waliaminiana, na hawakukosea kuaminiana, maana hakuna aliyemdanganya mwenziwe hata siku moja. Walichosahau ni kwamba mkataba hauandikwi kwa ajili ya rafiki. Unaandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hamjamwona bado, atakayeshuka kwenye basi siku ya msiba.

Alishuka. Yule bwana wa Tanzania alishikwa na malaria iliyompanda kichwani, akafa ndani ya wiki moja, na mdogo wake akaja kutoka Kigali kumzika. Mzee ndiye aliyemuuguza mwenzake, ndiye aliyemwosha, ndiye aliyetafuta mbao za jeneza. Alilizima tanuri kwa siku saba za matanga. Siku ya nane alikwenda kuliwasha akakuta kufuli jipya. Ningependa sana kuwaambia kwamba yule mdogo mtu alikuwa jambazi, ili nipate wa kumchukia badala yangu mwenyewe, lakini hakuwa. Alikuwa mtu aliyesoma, mwenye heshima, na Kiswahili laini cha huko walikokulia. "Mzee wangu, mimi sina ugomvi nawe," alimwambia mbele ya watu. "Lakini karatasi inamtaja kaka yangu peke yake, na mrithi wake ni mimi. Wewe ukitaka kazi, kazi ipo." Mzee hakubishana. Alinyoosha kidole kwenye bango. Yule mtu akalitazama bango, akamtazama mzee, asielewe anaonyeshwa nini.

Mzee akashtaki. Alikuja barazani kwangu kuniomba niwe shahidi wake, kwa kuwa mimi ndiye niliyechapa na niliwaona wote wawili. Hakuwa na wasiwasi wowote. Kwake yeye kesi ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango, na kilichobaki ni mtu wa kuisoma kwa sauti. Nilishindwa kumwambia hata hapo. Nilijidanganya kwamba nitaeleza jinsi walivyokuja pamoja na kuzungumza kama wenye mali mbili katika mfuko mmoja, na hiyo itatosha. Nikaenda, nikayaeleza. Hakimu, mama mwenye miwani na sauti ndogo, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniletea fomu yangu mwenyewe na kuniuliza kwa Kinyarwanda swali moja: neno hili la kwanza lina maana gani? Chumba kilikuwa kimejaa wabeba mikate waliokuja kumwona Muzee Etse akishinda. Nilikuwa nimekula kiapo, na kwenye dirisha la karani niliwaona wawili kati ya wale tuliocheka nao. Nikajibu kwamba ni ufupisho wa etablisma, na kwamba etablisma ni mali ya mtu mmoja. Akauliza kama siku ile nilipochapa nilijua hivyo. Nikasema nilijua.

Mzee alikuwa kwenye benchi la mbele, kofia magotini. Hakuinuka wala hakupaza sauti. "Kumbe ulijua," akasema. Ni hayo tu. Hakimu alimwuliza kama ana ushahidi mwingine, barua, mkataba, chochote cha maandishi kati yake na mwenzake, naye akasema kila walichopeana walipeana mkononi. Alishindwa siku hiyohiyo. Ukweli uliokuwa umfae barazani ulimmaliza mle ndani, na ulitoka katika kinywa kilekile. Nimeandika mambo mengi katika maisha yangu, mengine yakapendwa na watu, lakini sidhani kama kuna neno langu lililofanya kazi kubwa kuliko ile "Mm".

Yule mdogo mtu hakurudia kosa la kaka yake. Alitafuta wenzake wawili huko Kigali, wakaenda kwa noteri, wakaandika mkataba wa kurasa nyingi, na bango likapakwa upya. Sasa lina herufi nne, SARL, ufupisho wa sosiete, na kila mwenye sehemu yumo. Siku ya kwanza nilipolisoma nilikasirika, kisha nikakumbuka kwamba wamefanya lile lile ambalo nilipaswa kuwashauri wale wawili. Mzee alikataa kuoka humo kama kibarua. Alichokubali ni kubeba. Kila asubuhi alisimama na akina mama kwenye dirisha la tanuri alilolijenga, akapewa beseni la mikate, akaliweka kichwani akavuka nalo Petite Barrière. Watu walimwona amerukwa na akili. Yeye aliwaambia anataka tu kujua kama wanafungua mlango kabla ya wakati. Wanafungua. Mkate wa siku hizi ni mzuri nje na mbichi katikati, na sisi tunaula kwa sababu hakuna mwingine.

Miezi michache kabla hajalala kitandani, kifua chake kikiwa kimeshaanza kumsumbua, nilimngoja njiani akirudi na beseni tupu. Nikamwomba msamaha. Niliomba kwa maneno mengi, kama kawaida ya watu wa kazi yangu, nikamweleza foleni, nikamweleza utepe uliokwama, nikaitaja hata mvua. Alilishusha beseni akanisikiliza mpaka nikaishiwa. "Bon," akasema. "Sikukuombaka mingi, muandishi. Ile siku, apana moja tu." Akaliokota beseni lake akaenda. Baada ya hapo aliniamkia kila tulipokutana, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, ila hakusimama tena.

Tulimzika kwenye mteremko wa Rubavu, mahali ambapo ukigeuka unauona mji wote na mpaka wake. Dada zake walikuja kutoka Goma na majirani zao. Wenye tanuri walituma gunia la mikate kwa ajili ya wafiwa, tukaila, na katikati ilikuwa mbichi. Nilisimama pale nikiwafikiria ninyi wasomaji wangu, ambao wengi wenu mna mwenza wa biashara mnayempenda. Mkienda kuandikisha, msimwulize mwandishi ipi rahisi. Mwulizeni mmoja wetu akifa leo, mwingine anabaki na nini, na jina lake liko mstari wa ngapi. Mwulizeni kila neno la kigeni mpaka achoke, na akijibu "Mm", msimpe mkono, ondokeni. Na wewe unayejua, uliyekaa kwenye kiti mbele ya mashine, sema hapana wakati bado ni neno dogo. Ukingoja, utakuja kuisema mbele ya hakimu, na haitamsaidia mtu.

Nilipokuwa nageuka kuondoka, yule mama wa mikate alinishika mkono. Yeye na wabeba mizigo wa mpakani walikuwa wamechanga wakatengeneza msalaba, wakamtafuta mchoraji wa mabango, naye akaandika kwa rangi nyekundu juu ya ubao mweupe zile herufi tatu, Ets, na baada yake, kwa mara ya kwanza popote pale, jina kamili la mzee. Walitaka kumheshimu kwa jina walilompenda nalo. Mama yule hajui kusoma vizuri, na alijua kwamba mimi najua. "Tuliandika muzuri?" akaniuliza. Nililitazama lile kaburi, lenye upana wa mtu mmoja, na lile neno linalosema mali ya mtu mmoja, na jina moja baada yake. Nilitafuta kosa, na safari hii halikuwapo. "Mm," nikamwambia.